Mwalimu Pillai na Jani la Zachariah

Kitendawili!

Nawasikia mkiitikia huko mliko, jikoni, garini, kazini kwenye mapumziko. Haya, natega. Sahani yangu ni ya kijani. Nakula juu yake, naikunja, naitupa, na hakuna wa kunigombeza kwamba namaliza vyombo vya nyumba.

Fikirini kidogo. Watoto wasiwasaidie.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Najua yuko mmoja atakayenipa Hopkins, kila wiki hunipa Hopkins. Sikutaki Hopkins, nimekaa huko, nazijua ngazi zake. Nipeni Blaine. Haya, nimekwenda Blaine, nimekaribishwa, nimekula nikashiba, nimerudi, na jibu lenu ni hili: jani la mgomba.

Wasikilizaji wapendwa, huyu ni Bibi Khadijah wenu, na hiki ni kipindi chetu cha redio, kiti cha kumbukumbu. Leo tunamkumbuka mtu aliyekula juu ya jani hilo tangu utotoni. Tunamkumbuka Mwalimu Sukumaran Pillai. Mwalimu Pillai amefariki hapa kwetu Minnesota, Marekani, katika hospitali moja ya Saint Paul, mwezi uliopita. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa Mhindi wa Kerala, kusini kabisa mwa India. Dini yake ilikuwa ya Kihindu. Na alikuwa wetu.

Wengine mnajiuliza, wetu kivipi? Watu wa Nyamira hawajiulizi. Wao wameshatoa leso.

Mwalimu Pillai alisomesha fizikia katika shule moja ya sekondari kule vilimani Nyamira, Kenya, miaka kumi na saba. Alifika akiwa kijana, na sanduku moja, na mke wake Devaki. Mama Devaki yuko hai, na tunamwombea afya. Anasema siku waliyoshuka kwenye lori, Mwalimu alitazama vile vilima, mvua inanyesha, udongo mwekundu, migomba juu mpaka chini. Akamgeukia mkewe akamwambia, "Devaki, wametudanganya. Wametuzungusha baharini wakaturudisha nyumbani."

Basi wakakaa kama watu waliorudi nyumbani. Mama Devaki alijifunza Kiswahili sokoni, na mpaka leo anaongea Kiswahili cha sokoni. Ukimuuliza hali anakujibu, ni kusukuma tu. Mwalimu naye aliufundisha uzito na kani kwa ndizi. Alitundika kapi kwenye boriti ya darasa, akapitisha kamba, akaning'iniza mkungu mzima. Aliyekokotoa sawa alikula ndizi. Aliyekosea alikula pia, lakini baada ya kurudia hesabu. Wanafunzi wake wanasema hakuna aliyetoka darasani mwake na njaa. Neno hilo wamelirudia kwangu wengi, kila mtu kwa wakati wake.

Mmoja wa wanafunzi hao ni Zachariah. Wengi mnamjua. Ana nywele nyeupe sasa. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hopkins, na kanisani kwake ni mzee wa kanisa. Haya nitakayoyasema juu yake, ameniruhusu mwenyewe. Nilimuuliza mara mbili. Akasema, "Yaseme, Bibi. Mimi nimeyanyamazia vya kutosha."

Zachariah alipokuwa kidato cha tatu, baba yake alifariki. Mwalimu Pillai alikwenda mazikoni kwa miguu, na mvua ilimnyea njia nzima. Sasa sikilizeni vizuri. Mwalimu hakuwa akila nyama. Tangu azaliwe hajapata kuitia mdomoni. Kwao ni mwiko, kama vile sisi wengine tulivyo na miiko yetu. Zachariah alijua hivyo, akamtengea mwalimu wake sahani ya ugali na kabichi, safi. Kabla hajafika nayo, shangazi yake akaidaka njiani. Shangazi alikuwa na sufuria ya supu ya ng'ombe. Kwa mapenzi na heshima kwa mgeni, akaimwaga juu ya ugali mpaka ukaelea.

Zachariah alisimama na ile sahani, asijue la kufanya. Mwalimu akainyoosha mikono, akaipokea. Akaitazama. Akamtazama mama wa Zachariah aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, hana machozi tena. Kisha Mwalimu akala. Alikula yote, pole pole, akaomba maji. Zachariah alipomsindikiza hadi barabarani, Mwalimu hakusema neno juu ya sahani ile. Alisema tu, "Mama yako asilale peke yake wiki hii."

Miaka ikapita. Mwalimu alistaafu, akarudi Kerala, kisha binti yake aliyeolewa hapa Minnesota akawaleta wazee wake nyumbani kwake Blaine. Zachariah naye alikuwa ameshahamia huku, kila mmoja hajui kama mwenziwe yuko. Walikutana dukani, Saint Paul, kwenye yale maduka ya Waasia ya University Avenue. Zachariah ameinamia friza anatafuta ndizi mbichi. Nyuma yake ikasikika sauti ya kizee ikiuliza kwa Kiswahili, "Zachariah, kapi ni nini?"

Zachariah aliifafanua kapi yote, gurudumu lake na kamba yake, kabla hajageuka. Alipogeuka, wakashikana palepale mbele ya samaki wa barafu, wanaume wawili wazima, wakalia. Mikononi Mwalimu alikuwa na pakiti ya majani ya mgomba yaliyogandishwa. Huku ndivyo yanavyouzwa. Yamekunjwa, magumu kama ubao.

Nitawaeleza sasa majani yale yalikuwa ya nini.

Huko Kerala, katika kijiji cha akina Mwalimu, kuna hekalu kando ya mto. Kila mwaka, mvua zikiisha, wanashindana kwa mashua. Si mashua mnazozijua. Hizi ni ndefu na nyembamba, tezi yake, upande wa nyuma, imeinuka juu kama shingo ya bata mzinga, na wapiga makasia wanakaa wawili wawili huku wakiimba. Baada ya mashindano kuna karamu ya hekalu. Mtu mwenye nadhiri ndiye anayeitoa karamu hiyo. Labda aliugua akapona, labda alipata mtoto. Anawalisha wapiga makasia wote. Na karamu hii ina sharti lake. Wapiga makasia hawaombi chakula kwa maneno, wanaomba kwa wimbo. Wakiimba wali, unaletwa wali. Wakiimba ndizi, zinaletwa ndizi. Mwenye karamu haruhusiwi kusema hapana, hata kwa kichwa. Mama Devaki alinieleza sababu. Wanaamini kwamba siku hiyo Mungu wa hekalu lile anakaa kati ya wapiga makasia, na hakuna ajuaye ni yupi. Kwa hiyo wote wanalishwa kama ndiye.

Mwalimu Pillai alikuwa na nadhiri. Mama Devaki aliugua ule ugonjwa tunaoogopa kuutaja. Aliugua hapahapa, akatibiwa hapahapa, akapona. Mwalimu alikuwa ameahidi kwamba akipona, atatoa karamu ya wapiga makasia. Karamu ilikuwa kwa ajili ya uhai wa mkewe. Shikeni hilo.

Lakini mto uko Kerala, na yeye yuko Blaine. Basi akachonga mashua. Yeye na rafiki zake wa hekalu lao la hapa waliijenga kwenye gereji ya binti yake, majira mawili ya baridi. Gari la binti lilikaa nje kwenye theluji, kila asubuhi mtoto wa watu analikwangua barafu na kunung'unika. Mashua ilikuwa ndefu kuliko gereji, ikabidi mlango uachwe wazi kidogo na shingo ya bata mzinga itokeze nje. Majirani walifikiri ni pambo la sikukuu.

Wapiga makasia hawakutosha. Vijana wa Kihindi wa huku, kila mmoja ana kompyuta mapajani na mgongo unamuuma. Ndipo Mwalimu akampigia simu Zachariah, na Zachariah akawakusanya watu wa Nyamira na Kisii, madereva na wauguzi, watu wenye mabega. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kasia. Kerubo, mke wa Zachariah, aliwatazama wakifanya mazoezi ziwani akasema wanapepeta maji kama mtama.

Zachariah alikuwa na sauti. Mwalimu akamfanya mwimbishaji. Alimfundisha ule wimbo wa mashua, na Zachariah akautilia maneno ya Kiswahili. Wenzake wakaitikia. Mwalimu alifurahi mno. Alisema Mungu wake anajua lugha zote, na cha Nyamira atakielewa upesi.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili ya Agosti, maana Jumamosi akina Zachariah wako kanisani. Kulikuwa na mashua tatu ziwani. Yao ilikuwa ya tatu. Walizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, lakini wimbo haukukatika, na watu waliokuwa ukingoni wakawashangilia kuliko walioshinda. Mwalimu aliingia majini na viatu vyake kuwapokea.

Kisha wakaenda ukumbini hekaluni, wakaketishwa kwa mistari. Majani ya mgomba yakatandazwa mbele yao. Watu wale walikuwa wamepiga makasia tangu asubuhi. Njaa yao mnaweza kuikisia.

Zachariah akaanza kuimba. Akaimba wali, Mwalimu akaja na wali. Akaimba dengu, zikaja dengu. Akaimba ndizi za kukaanga, mchuzi wa nazi, achari ya maembe, uji mtamu wa maziwa na mchele. Mwalimu alikuwa na miaka themanini, na magoti yake yanalia. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, jasho limemlowesha shati. Na kwa kuwa Zachariah ndiye mwenye wimbo, alipakuliwa yeye kwanza, kila kitu mara mbili. Jani lake lilijaa kuliko majani yote.

Hapo Alfred akamwinamia.

Alfred pia ni mzee wa kanisa, mwenzake Zachariah. Si mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Hakupanda mashua, alikuja kupiga picha za simu na kushangilia. Alikaa upande wa pili, amekunja mikono. Alimwambia Zachariah kwa sauti ya chini kwamba ameona kwa macho yake chakula kile kikipelekwa kwanza mbele ya sanamu. Akaongeza, "Mimi sisemi kitu, mzee. Mimi nakula ndizi yangu niliyokuja nayo." Na kweli akaitoa mfukoni akaimenya.

Wakati huo kanisa lao lilikuwa linakaribia kuchagua mzee mkuu, na jina la Zachariah lilikuwa linatajwa. Zachariah aliitazama ile simu iliyolala kando ya Alfred. Tonge alilokuwa amelishika akalirudisha kwenye jani.

Angeweza kusema. Mbele yake palepale kijana mmoja wa kundi lao, Ken, alimwambia Mwalimu waziwazi kwamba imani yake haimruhusu kula kilichotolewa hekaluni, na anaomba radhi. Mwalimu hakukasirika. Alikwenda kwenye gari lake mwenyewe, akamletea Ken machungwa ambayo hayakupita popote, akakaa naye akammenyea. Zachariah aliyaona hayo yote. Lakini Ken hakuwa mwimbishaji. Ken hakuwa ameyaomba yale yote kwa sauti kubwa, moja baada ya jingine, na kumkimbiza mzee. Zachariah aliona aibu kuwa muwazi, na aliona hofu kula. Kwa hiyo hakufanya hili wala lile. Alilikunja jani.

Kwa watu wale, ukilikunja jani kuelekea kwako, umesema: nimeridhika, asante. Mwalimu ndiye aliyewafundisha. Zachariah akalikunja kuelekea kwake, juu ya chakula kizima.

Sharti jingine la karamu ni kwamba mwenye nadhiri huyaokota majani ya wapiga makasia kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu akaja akiokota. Jani lililoliwa ni jepesi kama karatasi. Alipofika kwa Zachariah, akaliinua jani, mikono ikashuka kidogo. Akasimama. Hakulifungua. Alilikumbatia kifuani watu wasione, akamwinamia mwanafunzi wake akamuuliza kwa Kiswahili, "Zachariah, mwanangu, ni kitu gani sikukuletea?"

Zachariah akatabasamu. Akasema anakwenda kunawa mikono.

Akaenda akanawa mikono mikavu, kwa sabuni. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akawasha gari. Njiani alipita kwenye dirisha la duka la kuku wa kukaanga, akanunua, akala garini peke yake. Alipofika nyumbani alimsimulia Kerubo. Kerubo alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Ungeacha kwa ajili ya Mungu, ningekuunga mkono. Wewe umeacha kwa ajili ya Alfred." Akaenda kulala.

Wasikilizaji wapendwa, swali lile halikupata jibu. Ni kitu gani sikukuletea? Halikupata jibu Agosti. Halikupata jibu Septemba, mwezi ambao kanisa lilimchagua Zachariah kuwa mzee mkuu. Walimpigia makofi. Kerubo akapika, wageni wakala, Zachariah akasema tumbo linamsumbua.

Kazi yake Zachariah ni kuwalisha wazee. Anawashika kidevu, anawapa kijiko. Yuko mzee mmoja pale ambaye kila akiona kijiko anafunga mdomo kabisa. Zachariah ananiambia kwamba zamani alikuwa akimtania, akimwimbia, mpaka mzee acheke na mdomo ufunguke. Tangu Agosti hakuweza. Mzee akifunga mdomo, yeye husikia lile swali. Anakiweka kijiko chini, anakwenda dirishani.

Mara nyingi alichukua simu ampigie Mwalimu. Halafu anajiambia, haya si ya simu, nitakwenda. Jumapili akaamka na theluji, akasema barabara ya Blaine imeganda. Jumapili nyingine akachukua shifti ya mwenzake. Mnajua jinsi mtu anavyoweza kujipatia shughuli.

Mwalimu akaugua moyo, akalazwa. Zachariah aliposikia, kitu kikamshika. Karamu ile ilikuwa nadhiri. Mpiga makasia mmoja ametoka na njaa. Je, nadhiri imevunjika? Je, ugonjwa huu ndio malipo yake? Yeye ni Mkristo, mzee mkuu wa kanisa, hayaamini hayo hata kidogo. Aliniambia mwenyewe, na ilimwia vigumu kulitamka, kwamba yule Mungu ambaye hakumwamini, alimwogopa.

Alikwenda hospitalini. Chumba kilijaa ndugu. Mwalimu alimshika mkono, akamuuliza watoto, akamuuliza Kerubo, akamtania kwamba mashua ile ilizunguka kwa sababu walisahau somo la kani. Kisha akamtazama, kama anavyomtazama mtu aliyesimamishwa ubaoni na chaki mkononi. Anasubiri tu, hana haraka. Zachariah akafungua mdomo. Binti wa Mwalimu akapita na maua, shemeji akapita na kiti, na Zachariah akasema muda wake wa kuegesha gari umekwisha, atarudi Jumapili.

Mwalimu hakuifikia Jumapili.

Huko kwao wanachoma maiti, kisha wanakaa matanga. Siku ya kuondoa matanga, familia inapika, inawalisha watu. Walipika Blaine, kwenye ile gereji iliyojengewa mashua. Meza ndefu, majani ya mgomba juu yake. Nje theluji ilikuwa bado imebaki kwenye vivuli, na mashua yenyewe imefunikwa turubai. Watu wa Nyamira walikuja wengi. Zachariah alikaa na Kerubo. Alfred alikuwa amewapa lifti, kwa hiyo na yeye alikuwa pale, tena mbele yao kabisa. Na waumini wa kanisa lao walikuwa meza hiyohiyo.

Mama Devaki alikuwa akipakua mwenyewe. Binti yake alimwambia akae, yeye ni mfiwa, akakataa. Alikuja na ndoo ya dengu na upawa mpaka kwa Zachariah. Hakupakua. Aliweka ndoo chini, akashika ukingo wa meza.

Akamwambia, "Zachariah, nataka kukuuliza kitu, na usinifiche. Siku ya karamu Mwalimu alirudi nyumbani na jani lako. Alikaa jikoni akalifungua. Akala yeye, yote, mpaka achari. Mimi nikamwambia, Mwalimu, unakula makombo ya mwanafunzi wako? Akaniambia, Devaki, kama aliyekaa kati yao leo alikuwa Zachariah, basi haya si makombo."

Mama Devaki akaendelea pole pole, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. Alisema majira yote ya baridi Mwalimu alikuwa akimuuliza. Devaki, ni nini hatukumpelekea mtoto yule? Chumvi ilizidi? Nazi ilichacha? Aliimba kitu mimi sikusikia? Mwalimu hakumlaumu Zachariah hata mara moja. Alijilaumu yeye, kwamba masikio yamezeeka, kwamba alikosa kuleta kitu kilichoimbwa. Na Mama Devaki ndiye aliyepika. Naye akajilaumu. Nadhiri ilikuwa ya uhai wake.

Akasema, "Sasa yeye amekwenda, swali ameniachia mimi. Silali. Niambie tu, nami sitakasirika. Ni kitu gani hatukukuletea?"

Wasikilizaji wapendwa, kabla Zachariah hajajibu, nitoe rambirambi, maana nikishamaliza sitaki kuongeza neno.

Kwa Mama Devaki, kwa binti yake na wajukuu wa Blaine, poleni sana. Mlimpoteza baba, nasi tumempoteza mwalimu. Kwa wanafunzi wote wa Nyamira mliotawanyika Minneapolis, Saint Paul na kwingineko, poleni. Kila mtu aomboleze kwa dini yake, yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuwabana watu. Na tunapomkumbuka Mwalimu Sukumaran Pillai, tujikague. Yuko mtu aliyekuuliza swali, ukatabasamu, ukaenda kunawa mikono. Wewe unadhani umejihifadhia aibu yako peke yako. Hujui kama huko alikobaki anajichunguza yeye, anakionja upya kila alichokupikia, akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Kama yuko hai, mwendee. Theluji isiwe sababu.

Sasa niwarudishe gerejini.

Zachariah alimtazama Kerubo. Kerubo hakumsaidia, alikuwa akitazama jani lake. Alimtazama Alfred, na Alfred akaigeuza simu yake uso chini juu ya meza. Kisha Zachariah akasimama, kama walivyokuwa wakisimama zamani darasani mtu akiulizwa, mikono imenyooka ubavuni. Akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa meza:

"Hakuna kitu, Mama. Mlileta vyote nilivyoimba. Chumvi yake siijui, maana sikuonja. Nililikunja jani kwa sababu niliwaogopa watu, na nilikuwa na njaa."